Kitanda cha Gorogoro Nne

Ukitaka meza, nenda kwa Kirimi. Ukitaka kabati, kiti cha kuegemea, hata mimbari ya kanisa iliyochakaa, shuka pale chini ya soko la Gakoromone, kwenye kibanda cha mabati ambacho harufu ya vanishi hukufikia kabla hujakiona. Atakupa kitu kikuukuu ambacho ungeapa kimetoka kiwandani juzi. Lakini usimwulize kitanda. Atakuambia vitanda vina kunguni, atakuambia havina faida, na ukizidi kumsumbua atachukua msasa aanze kusugua kitu ambacho kilishasuguliwa kikaisha. Hapo ujue mazungumzo yamekwisha, nenda zako.

Uongo mtupu. Hakuna kitu kilichomlisha Kirimi kama vitanda. Vitanda ndivyo vilivyomtoa kwenye vumbi la Ruiri, vikampa kibanda, vikampa suti ya Jumapili, vikamfanya aitwe fundi na watu waliomzidi umri.

Useremala alijifunza kwa mzee mmoja mjini Meru, na hakukaa miaka miwili kabla ya kugundua kwamba kutengeneza kitu kipya ni kazi ya punda. Mbao ni ghali, mteja analalama, na ukimaliza anakuambia mguu mmoja ni mfupi. Kitu cha zamani, je? Mwalimu akihamishwa leo anataka kuuza leo. Karani akistaafu anataka nauli ya kurudi kwao. Kirimi alinunua, akakwangua rangi kwa kipande cha chupa, akapiga msasa mpaka viganja vikawa kama magome, akaziba nyufa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, kisha vanishi, mara tatu. Baada ya wiki mbili kile kitu kilikuwa kinaondoka kwa bei ambayo mwenyewe wa kwanza angeisikia angezirai.

Na alikuwa na kanuni yake: hataki kujua kitu kimetoka kwa nani. Watu wetu unawajua. Mtu atanunua sufuria ya marehemu, atavaa koti la marehemu na kulipigia pasi, lakini kitanda alichofia mtu, ng'o, hata umpe bure. Kwa hiyo Kirimi alimkanya dalali wake, Mutembei, yule mwenye lori bovu, asimletee kamwe jina la mtu pamoja na kitanda. Leta mbao, majina yaache huko huko. Mteja naye akiuliza, jibu lilikuwa lile lile miaka yote: ni cha mzungu mmoja wa Timau, ameuza shamba akarudi kwao. Ukihesabu vitanda alivyouza Kirimi, huyo mzungu wa Timau alikuwa na nyumba kubwa kuliko hospitali.

Kanuni nyingine alimfundisha Mutembei kwa vitendo, palepale kibandani, huku akicheka. Ukifika kwa mwenye kitanda, usiseme kitu. Shika ubao wa kichwani, utikise kwa nguvu mpaka kitanda kilie. Kisha chuchumaa, gonga mguu kwa kidole, tega sikio kama daktari. Inuka polepole, jipanguse vumbi, useme neno moja tu: mchwa. Hata kama mchwa hajawahi kukipitia karibu. Mwenyewe atakuwa ameshuka nusu ya bei kabla hajavuta pumzi. Mutembei alilishika somo hilo vizuri kuliko alivyoshika lolote shuleni.

Nyumbani, mkewe Cicily alikuwa na shida yake ambayo ukiisikia utacheka kwanza. Kitanda kikishapakwa vanishi lazima kilaliwe, ili harufu iishe na ijulikane ni kiungo gani kinalia. Siku tatu kinakaa chumbani kwa Kirimi, siku ya nne kinabebwa. Kati ya kitanda na kitanda wanalala mkekani. Mwanzoni Cicily aliwatania wanawake wenzake wa kanisa kwamba yeye ndiye mke wa chifu, kila wiki kitanda kipya. Mwaka wa sita aliacha utani. Alikuwa amelala katika vitanda themanini vya watu wengine, amemzaa binti yao Ntinyari katika kimoja ambacho kiliuzwa kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka, na hakuwa na hata kimoja cha kuita chake. Kirimi alimwambia subiri, fundi hulala mwisho. Akasubiri.

Sasa msikilize mtu mwingine, maana bila yeye hakuna hadithi. Mama yake Cicily aliitwa Ciakuthii, mjane wa Gachoka, kule Mbeere kwenye mawe na miiba. Alizaa watoto sita akabaki na Cicily peke yake. Siku Kirimi alipokwenda kuposa, alikwenda na mbuzi mmoja aliyekonda na blanketi lililokunjwa vizuri ili tundu lisionekane. Wajomba wa Cicily wakataka kumfukuza kwa kicheko. Ciakuthii, aliyekuwa amekaa nyuma ya mlango kama inavyompasa mama mkwe, akatuma neno moja: "Mwacheni huyo. Huyo ana mikono." Basi akapewa mke kwa ajili ya mikono yake.

Kirimi hakusahau. Alimheshimu yule mama kuliko alivyomheshimu mchungaji. Kule kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hapiti karibu naye njiani, na zaidi ya yote hakaribii kitanda chake. Kukigusa tu ni balaa, kukikalia ndio usiseme. Kirimi miaka yote hakuwahi kuvuka sebule ya Ciakuthii. Hata pazia la chumbani aliligeuzia mgongo. Alijivunia adabu hiyo, akaisimulia mjini kwa vijana wanaoingia kwa wakwe zao kama wanaingia hotelini.

Ukaja mwaka wa themanini na nne. Mvua za kwanza hazikuonekana, watu wakatazama juu mpaka shingo zikauma. Meru juu kulikuwa na nafuu kidogo, lakini Mbeere kuliungua. Ng'ombe walikufa wamesimama. Watu walipanga foleni kwa mahindi ya manjano, yale ya kutoka nje ambayo hata ukiyachemsha siku nzima yananuka gunia. Na kwa mtu wa fanicha, Mungu atusamehe, huo ndio ulikuwa msimu wa mavuno. Mutembei alikuwa anateremka na lori lenye mahindi ya manjano na kupanda na lori lililojaa viti, meza na vitanda. Gorogoro moja, lile kopo la kupimia nafaka, kwa kiti. Mbili kwa meza. Watu waliuza kila kitu walichoweza kukibeba hadi barabarani.

Kwa mkono wa mama mmoja wa kanisa, Ciakuthii akatuma salamu. Hakulia wala hakulaumu. Alisema tu kwamba kama kwa Cicily kuna debe la ziada, lisitupwe. Cicily akamwambia mumewe. Kirimi akasema sawa, kabati la mwalimu likiuzwa. Kabati likauzwa, akanunua vanishi kabla haijapanda bei. Cicily akamwambia tena. Akasema sawa, zile meza mbili. Mara ya tatu Cicily alimwambia akiwa amesimama mlangoni na kikapu tupu, na Kirimi akakasirika.

Tusimwonee, hakuwa bahili. Tena hapo ndipo panapouma. Angeweza kupeleka debe siku ile ile. Lakini mkwe mwenye jina mjini ashuke kwenye basi Gachoka na debe moja begani, wale wajomba waliomcheka wamwone? La. Yeye alitaka kupeleka magunia mawili, na sukari, na blanketi jipya lisilo na tundu, watu watoke nje kutazama. Aibu ya kupeleka kidogo ndiyo iliyomfanya asipeleke chochote. Na mama wa watu akawa anangoja.

Jumatatu moja Mutembei akateremsha kitanda cha kijani. Kizito hasa, watu wawili hawakukibeba bila kupumzika. Kilikuwa kazi ya zamani ya seremala wa misheni, kimefungwa kwa bolti nne ndefu zenye nati za pembe nne, si misumari. Mutembei alikuwa anacheka mwenyewe. Alisema amekitikisa mpaka mkono ukamuuma na hakikulia, lakini alisema mchwa hivyo hivyo. Gorogoro nne, basi. Kirimi alimpiga begani kwa furaha.

Alianza kukwangua. Chini ya kijani palikuwa na buluu. Chini ya buluu kipande cha chupa kikaanza kutoa unga wa rangi ya asali, na Kirimi akasimamisha mkono. Muuru. Mti wa muuru wenyewe, ule wa msituni juu, ambao siku hizi ukitaka ubao wake mmoja lazima ujuane na mtu. Aliacha kazi nyingine zote. Alikisugua siku nzima akipiga mluzi. Nyuma ya ubao wa kichwani alikuta tundu dogo lenye kizibo cha mti, na ndani yake kitambaa kilichoviringwa, na ndani ya kitambaa bangili ya bati, ndogo, ya mtoto mchanga. Watu huficha vitu, alishazoea. Kitambaa akakitupa motoni pamoja na maranda, bangili akaitupa kwenye kopo la misumari, tundu akaliziba kwa gundi na unga wa mbao, akalilainisha mpaka yeye mwenyewe asingelipata.

Jioni hiyo alimwita Cicily kibandani aone rangi ya mbao. Tayari alikuwa na mteja, Bundi, meneja wa kiwanda kimoja cha kahawa, ambaye angekuja Jumamosi ya wiki iliyofuata. Akaweka mkono juu ya mbao kama anayeapa mahakamani. "Hiki kikiuzwa, mama anapata magunia mawili. Naapa, Cicily. Hiki ndicho cha mama."

Vanishi ilipokauka wakakipeleka nyumbani, wakakilalia siku tatu kama desturi. Hakikulia hata kidogo. Cicily alisema kwamba tangu aolewe hajalala usingizi kama huo, ati ameota yuko kwao, anachunga mbuzi.

Asubuhi ya nne, jua limeshaingia dirishani, Cicily alikuwa anachomeka shuka upande wa kichwani. Kidole chake kikaenda chenyewe nyuma ya ubao. Hakukituma. Kilikwenda kama kilivyokuwa kikienda alipokuwa na miaka saba, kuiba senti tano za sadaka ambazo mama yake alizificha mahali alipodhani hakuna ajuaye. Kidole kikakuta mbao laini. Akainama, akatazama. Akapiga magoti, akanusa. Kisha akachungulia chini, akaziona zile bolti.

Kirimi alikuwa anakunywa chai. Cicily akamwuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama nyuma ya ubao kulikuwa na tundu. Akasema ndiyo, tundu tu, amelijaza. Akamwuliza ndani kulikuwa na nini. Kirimi akacheka, akasema takataka, kitambaa na kibangili cha bati, kiko kwenye kopo la misumari. Cicily akatoka na leso kiunoni mpaka kibandani, akamwaga kopo zima chini, akarudi na bangili katikati ya kiganja.

"Hii ni ya Njeru," akasema. "Kaka yangu aliyekufa kabla hajasema neno. Hiki ni kitanda cha mama."

Kikombe hakikuanguka, hayo ni ya sinema. Kirimi alikiweka chini taratibu sana, kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka chini ya meza. Alitazama kitanda. Alitazama mikono yake. Alikuwa amekikwangua kwa mikono hii, akakigeuza juu chini, akakipapasa kila mahali kama anavyopapasa kila kitanda. Alikuwa amekilalia mara tatu. Tena na binti wa mwenye kitanda.

"Sikujua," akasema.

"Ungejuaje?" Cicily akajibu. "Hukuwahi kuchungulia chumbani kwake. Wewe ni mkwe mwenye adabu."

Akaanza kutoa matandiko, moja moja, akayaweka sakafuni.

Kirimi akakimbilia Ruiri kwa baba yake mdogo, Muthamia, mzee wa kanisa, akitumaini kuambiwa kwamba hayo ni mambo ya kale. Muthamia alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema kitanda hicho hakirudi Gachoka, mama hawezi kulala pale mkwe alipolala na binti yake, hata kama analala chini kwenye vumbi. Wala hakiuzwi. Kichomwe kiishe, na mbuzi aende kwa mama. Kirimi akajaribu kusema kwamba wao ni Wakristo. "Hata mimi ni Mkristo," Muthamia akasema. "Kichome."

Basi Ijumaa walishuka Gachoka, Kirimi, Cicily na Ntinyari, na magunia mawili ya mahindi meupe juu ya basi, na sukari, na blanketi, na mbuzi waliyemnunua Embu. Yote yale Kirimi aliyoyaota, na pesa alizipata siku moja tu kwa kuuza viti vyake sita kwa bei ya kutupa. Kumbe ilikuwa inawezekana. Wajomba walitoka nje kutazama kama alivyotaka, na yeye akatamani ardhi ipasuke.

Ciakuthii alikuwa amekaa kizingitini, ameelekeza uso pembeni kama desturi. Amekuwa mdogo. Mifupa ya mabega ilionekana juu ya gauni, na miguu ilikuwa imevimba uvimbe ule wa njaa. Nyuma yake, kwa mlango uliokuwa wazi, palionekana magunia yaliyotandikwa sakafuni, na Kirimi kwa mazoea akageuza macho. Alizungumza na udongo uliokuwa mbele ya viatu vyake. Alisema hakujua. Alisema Mutembei hakumwambia jina, kwamba lau angejua angekuja mbio mwenyewe, kwamba mama amsamehe.

Ciakuthii akamjibu kupitia kwa Cicily, ingawa sauti yake ilimfikia kila mtu. "Mwambie nilimwuliza yule mtu wa lori anakipeleka kwa nani. Akasema kwa fundi Kirimi wa Meru. Nikamwuliza, je, Kirimi anajua ni kwangu umekuja? Akasema anajua, yeye ndiye amenituma." Akapumua. "Nikasema, haya. Nimetuma salamu za unga, mkwe wangu ametuma mtu wa kitanda. Kama hilo ndilo jibu lake, na akichukue. Nikamsaidia kufungua bolti."

Mutembei alidanganya ili amalize biashara. Lakini nani alimfundisha Mutembei kumaliza biashara? Na alikuwa amemtuma, ndiyo. Hilo halikuwa uongo.

Mama akainuka kwa kushika mwimo wa mlango, akaingia, akatoka na kopo la gorogoro. Akafungua gunia moja mwenyewe, akapima mahindi meupe, moja, mbili, tatu, nne, akiyapangusa juu kwa kiganja kama wafanyavyo sokoni ili yasizidi wala yasipungue, akayatia katika mfuko wa karatasi na kuuweka chini katikati yao. "Hii ni bei yake. Mwambie sasa hajaninunulia kitu. Yanayobaki nitakula, kwa sababu nina njaa. Na mwambie nashukuru."

Kirimi alirudi Meru peke yake na ule mfuko mapajani. Cicily alibaki na Ntinyari, akimwambia kwa upole kwamba siku atakaposikia kutoka kwa mdomo wa Muthamia kwamba kitanda kimechomwa, atapanda basi. Hakudai kitu kingine. Kichome, nirudi. Hebu niambie, kuna mke aliyewahi kudai kidogo kuliko hicho?

Jumamosi asubuhi Kirimi alikitoa kitanda nje, nyuma ya kibanda. Akaweka maranda chini yake, akafungua chupa ya mafuta ya taa. Jua lilikuwa limepanda, likaangukia ubao wa kichwani, na mistari ya muuru ikawaka kana kwamba kuna taa ndani. Alikuwa hajawahi kufanya kazi nzuri kama ile maishani mwake, na hatafanya tena, alijua. Alisimama na kiberiti mkononi. Akawaza kwamba ni mbao tu. Akawaza kwamba mti haujui nani kaulalia. Akawaza viti vyake sita alivyovitupa juzi. Alikuwa bado anawaza hivyo gari la Bundi liliposimama.

Bundi alikizunguka mara mbili, akapitisha kidole juu yake, akakohoa. Akauliza kimetoka wapi.

"Kwa mzungu mmoja wa Timau," Kirimi akasema. Mdomo ulisema wenyewe, kama kidole cha Cicily kilivyokwenda chenyewe. "Ameuza shamba."

Kikapakiwa. Jumatatu Kirimi akamwita Muthamia aje ashuhudie, akachoma mbele yake kitanda kibovu cha mbao laini kilichokuwa kimelala nyuma ya kibanda tangu mwaka juzi, alichokipaka rangi kidogo ili moto uwe na cha kula. Muthamia hakuwahi kukiona kile kingine. Alisimama na kofia mkononi mpaka pakabaki majivu, akaomba sala fupi, akatuma neno Gachoka.

Cicily alirudi siku ya kumi na mbili, Ntinyari mkononi na mzigo mgongoni. Kirimi alimpokea barabarani, akataka kumpokonya mzigo. Hakumpa. Alipita kibandani moja kwa moja hadi kwenye majivu, akavunja kijiti, akachuchumaa. Alichokora polepole, kuanzia pembeni kuelekea katikati. Alifukua msumari, akaupuliza. Akafukua mwingine. Alipofikisha kumi na moja aliinuka, akaja, akafungua kiganja cha mumewe na kuiweka yote ndani.

"Kitanda cha mama kilikuwa na bolti nne," akasema. "Moto hauli chuma, Baba Ntinyari. Wewe ndiwe uliyenifundisha."

Mzigo ulikuwa bado mgongoni. Basi la Embu lilikuwa halijaondoka.

Kirimi alijitahidi, hilo tumpe. Wiki hiyo hiyo alikwenda kwa Bundi na pesa zote alizopewa, na nyingine juu yake. Alikaribishwa vizuri, akaletewa chai na mkate wa siagi. Akaomba auziwe kitanda tena. Bundi akamtazama kwa tabasamu la mtu asiyechezewa, akamwambia fundi, nimekushtukia, umepata tajiri wa bei ya juu zaidi. Kirimi akatikisa kichwa. Akasema ukweli, wote, tangu mwanzo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mteja hata siku moja. Akasema ni cha mjane wa Gachoka, ni cha mama mkwe wake, kilinunuliwa kwa gorogoro nne za mahindi ya manjano.

Bundi alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema yeye si mtoto. "Wewe mwenyewe uliniambia ni cha mzungu wa Timau. Leo kimekuwa cha nyanya wa Mbeere?"

Mkewe naye akaja akicheka, mama mwema, mwenye kupenda vitu vyake. Akamwambia asiwe na wasiwasi, wanakitunza, kila Jumamosi anakipangusa kwa kitambaa laini na mafuta kidogo. Njoo uone, fundi, njoo uone kazi yako. Akafungua mlango wa chumba, akausukuma hadi mwisho, akasimama kando ili mgeni apite.

Kirimi alikuwa ameshainuka. Alifika karibu na mlango, kisha akageuza uso ukutani, akasimama hivyo hivyo na kofia mkononi, mpaka yule mama akashangaa na kuufunga.